Mkanda wa Bunduki Haupimwi Dukani

Bunduki ya kwanza niliyokabidhiwa kazini ilikuwa .458 ya zamani, yaani ya risasi nene za wanyama wakubwa, chapa ya Brno, kitako kimekwaruzika mpaka rangi imekwisha. Ikiwa tupu ni kilo nne na ushei; ukiijaza risasi na kuitia mkanda unaikaribia tano. Siku ile niliiona nyepesi. Nilikuwa kijana wa miaka 23, nimekua nikibeba ndoo za maji kutoka kisimani, kilo tano zingenifanya nini? Nilichosahau ni kwamba ndoo unaitua ukifika nyumbani. Bunduki unaitua jua likizama.

Nilikuwa mwanafunzi wa mwindaji bingwa katika kitalu kimoja cha uwindaji ndani ya Pori la Akiba Rungwa, upande wa Manyoni. Kwa asiyeijua kazi hii: mgeni anakuja na leseni yake, anaongozwa na mwindaji bingwa, anasindikizwa na askari wa wanyamapori, na mbele ya wote anatembea msoma nyayo. Mimi nilikuwa mtu wa nyuma kabisa kwenye mstari, nimebeba bunduki ya akiba, maji na lawama. Sheria hairuhusu kumpiga mnyama ukiwa ndani ya gari, kwa hiyo Landikruza inawafikisha kwenye nyayo tu. Kuanzia hapo ni miguu. Nyayo za nyati dume mlizoziokota alfajiri zinaweza kuwatembeza saa sita au saba kwenye miyombo iliyochomwa moto, majivu yanapanda mpaka magotini, na mwisho wa siku msimwone hata mkia.

Mkanda nilioukuta kwenye bunduki ile ulikuwa wa nailoni nyeusi, upana wa vidole viwili, wa aina ile wanayoshonea mabegi ya safari. Mpya, unang'aa. Niliupenda.

Saa ya kwanza husikii kitu. Saa ya pili mkanda unaanza kuteleza, nawe unaliinua bega kidogo kuuzuia, bila kujua kwamba umeliinua. Saa ya nne shingo imekakamaa upande mmoja kama mtu aliyelala vibaya. Jioni nilipovua shati kulikuwa na mstari mwekundu kutoka shingoni hadi kwenye ncha ya bega, kama nimechapwa fimbo. Wiki nzima nililalia ubavu wa kushoto.

Na ndorobo! Anayeijua Rungwa anajua ndorobo. Wadudu hawa wanavutwa na rangi nyeusi na buluu. Ndiyo maana mitego yao ya nguo inashonwa kwa rangi hizohizo. Mimi nilivaa kaki kama wenzangu, lakini begani nimejilaza utepe mweusi wa sentimita tano. Walikuwa wanatua pale kwa mstari, kama ndege kwenye waya wa umeme, halafu wanahamia shingoni. Msoma nyayo wetu, mzee wa kabila la Wakimbu aliyezaliwa palepale Rungwa, aligeuka akanitazama nikijipiga makofi ya shingo.

"Kijana, huo mkanda wa begi la shule umeutoa wapi?"

"Nimeukuta, mzee."

"Basi uache ulipoukuta."

Sikuuacha. Niliuzungushia kipande cha kitenge, nikaona nimemaliza kazi. Kitenge kikawa kinajiviringa kama kamba na kunikata zaidi. Msimu ukaisha hivyo.

Msimu wa pili mgeni mmoja aliniachia zawadi: mkanda wa mpira mnene laini, mpana kama kiganja. Nilipouvaa kambini nikahisi nimepata godoro. Watu wengi wananunua mkanda kwa hisia hii hii ya dakika mbili. Kuna kasoro moja ambayo huwezi kuiona ukiwa umesimama: mpira unavutika. Ukitembea, kila hatua bunduki inashuka na kupanda, inashuka na kupanda, na kile kitako kinakugonga nyonga kama mtoto anayedai kubebwa. Uzito wenyewe haujapungua, umeongezewa ngoma tu. Na Oktoba, joto la kabla ya mvua, mpira ule haupitishi hewa. Bega linachemka chini yake, vipele vinatoka. Niliutumia siku tisa.

Nimeona pia mkanda wa mabega mawili, ule unaovaliwa kama begi la mgongoni. Aliuleta mgeni kutoka Austria, mzee wa watu, mpole, amezoea milima ya kwao ambako mnyama unamwona kwa darubini ng'ambo ya bonde, una muda wa kutua mzigo, kulala kifudifudi, kupumua. Kwa kazi ile sijaona mkanda ulio bora kuliko huo. Mikono yote miwili iko huru na bega halilalamiki. Lakini kwetu nyati unakutana naye hatua thelathini, na kuivua bunduki mgongoni ni kama kuvua koti ukiwa ndani ya daladala iliyojaa. Mwindaji bingwa alimwomba kwa adabu aishike bunduki mkononi siku za nyati. Siku za swala pala alimwachia auvae.

Sasa niseme la nyati yule, maana ndilo lililonifundisha zaidi ya maumivu ya bega.

Ilikuwa mwisho wa Septemba, kaskazini ya kitalu, kule ambako miyombo inaachia nafasi vichaka vizito vya namna ya Itigi. Asiyewahi kuingia humo afikirie ua wa michongoma usio na mwisho, mashina membamba yamesongamana, huoni hatua kumi. Mgeni alikuwa amepiga dume mzee saa tatu asubuhi, risasi ikaingia nyuma kidogo ya inapotakiwa. Tukasubiri nusu saa. Mzee akawa amechuchumaa, anapuliza majivu kutoka kwenye soksi yake kuangalia upepo. Soksi ilikuwa ya mtoto, ya pinki, sijui aliitoa wapi. Upepo ulikuwa mzuri. Tukaingia.

Mwindaji bingwa ameshika bunduki mikononi, mgeni ameshika, askari ameshika. Mimi nilikuwa nimening'iniza. Niliwaza kwamba zamu yangu haitafika, mbele yangu kuna bunduki tatu. Nilikuwa nimerudia ule mkanda wa nailoni, nimeulegeza ili uache bega lipumue, kwa hiyo ulikuwa umeachia kitanzi kikubwa chini ya kwapa.

Tulikwenda kama dakika arobaini. Mzee alipunguza mwendo, akawa anainua mguu na kuuweka kama anakanyaga mayai. Aliinua kidole kimoja. Nilipoinama kupita chini ya tawi, kitanzi kikanasa kwenye kijitawi cha kikwata, mti wa miiba, kilichovunjika. Sikuhisi. Nilipiga hatua, tawi likavutika, likaachia ghafla, mtutu ukagonga shina: kle! Chuma juu ya mti mkavu. Katika kichaka kile kilichonyamaza ilikuwa kama mtu ameangusha sufuria msikitini.

Mbele yetu, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameona kitu, kichaka kizima kilisimama na kuondoka. Alikuwa amelala pale, labda hatua ishirini na tano. Tulisikia vishindo, matawi yakivunjika, halafu vikafifia. Mgeni hakupata hata kuinua bunduki.

Watu huwa wananiuliza kama alitujia. Hapana, hakutujia, na mpaka leo nasema ni bahati isiyo yangu. Alikwenda zake. Tulimfuata mpaka giza likatunyima nyayo, tukalala bila kuzungumza, na kesho yake saa nne tukamkuta chini ya mti wa mtundu, amekwisha kufa, fisi wamekula ubavu mmoja na uso wote. Kilo mamia za nyama. Kambini walikuwa wameshaandaa vichanja vya kukaushia. Mgeni alilipia mnyama wake kama kawaida, akanipa mkono. Ile ndiyo iliyoniuma, ule mkono.

Jioni nilikuwa nasafisha bunduki. Mzee alikuja na kigoda chake, akakaa, akachukua bisibisi yangu. Pete zilizoshika mkanda zilikuwa za kukaza kwa parafujo, kwa hiyo ilimchukua muda. Aliutoa mkanda, akauviringa taratibu kama anaviringa mkeka, akaniwekea mfukoni mwa shati.

"Wewe hunitazami miguu," alisema. "Ukiona nimeanza kutembea polepole, huu unakaa hapa."

Basi. Hajawahi kulirudia.

Kuanzia hapo nilipokuwa natafuta mkanda sikuanza tena na ulaini. Nilianza na swali la namna unavyotoka. Pete za kubonyeza, zile ambazo unabana kitufe kwa kidole gumba zinafunguka, zikawa kitu cha kwanza kununua. Nilimwagiza dereva Arusha. Natakiwa niweze kuutoa mkanda wote, mbele na nyuma, nikiwa natembea, bila kutazama, bila mlio. Nilifanya mazoezi nyuma ya hema usiku na bunduki tupu mpaka wapishi wakaanza kunicheka. Ukiona mkanda ambao lazima uchuchumae na kutafuta bisibisi ndipo utoke, hata uwe wa ngozi ya namna gani, hauna kazi kwa mtu anayefuata nyati aliyejeruhiwa. Kwa mtu anayewinda kanga, sawa.

Mkanda wenyewe alinishonea fundi viatu mmoja Manyoni mjini. Nilimpelekea kipimo nilichokichora kwenye gunia la sukari. Alikitazama, akanitazama mimi.

"Kaka, hii ni ya mbuzi au ya punda?"

Nilimwambia ni ya kubebea mzigo. Akacheka, akasema mzigo gani unabebwa na sentimita sita katikati na mbili na nusu pembeni, sema ukweli nikushonee vizuri. Nikamwambia. Ikabadilika kabisa, akawa fundi kweli. Alichagua ngozi ya ng'ombe ya mgongoni, akasema ya tumboni inavutika. Upande uliokuwa na manyoya, ambao ni laini na unateleza, akauweka nje; upande wa nyama, ule mkavu wenye nyuzinyuzi kama jamvi, akauweka ndani ulalie shati. Hiki ndicho ambacho viwanda vingi vinakikosa kwa kupenda urembo: ndani panatakiwa pakwaruze kidogo, ndipo pashike. Uzi aliupaka nta ya nyuki, ambayo kule haina shida kupatikana. Na badala ya bizimu ya chuma ya kurefusha na kufupisha, alitoboa matundu, akapitisha kigwe cha ngozi, unafunga unapotaka. Hakuna chuma kinachogongana na chuma. Alinitoza elfu kumi na tano, nikamwongezea.

Kabla ya kunipa aliuloweka usiku kucha na kuuning'iniza ukiwa na tofali chini, ili uvutike kabisa palepale dukani na si begani kwangu. Hata hivyo mvua za kwanza za Desemba zilinirefushia kama upana wa vidole vitatu, na ukanuka kama mbwa aliyenyeshewa. Nikafupisha kigwe. Mvua za mwaka uliofuata haukurefuka tena. Nausugua nta kidogo kila Juni kabla msimu haujafunguliwa, mafuta hapana. Mwaka mmoja niliupaka mafuta mengi kwa upendo, ukalegea kama chapati na kuniharibia mashati mawili.

Kulikuwa na jambo ambalo sikulitarajia: ngozi mpya inalia. Kwii, kwii, kila hatua, pale inapojikunja karibu na pete. Mama mmoja mpishi alinipa dawa, poda ya watoto. Nilinyunyiza, nikapangusa, kilio kikaisha. Siku ya kwanza mzee alininusa, akasema nyati watadhani tumekuja kliniki. Lakini yeye mwenyewe baadaye aliniomba kopo lile kwa ajili ya viatu vyake.

Urefu. Watu wengi wanaacha mkanda mrefu kwa sababu unapendeza bunduki ikining'inia chini. Mimi nataka ngumi yangu ipite kati ya kwapa na mkanda, imetosha. Mkubwa zaidi ya hapo ni kitanzi, na kitanzi nimeshakisimulia. Mfupi zaidi ya hapo hutaweza kuuvaa juu ya koti la asubuhi. Rungwa mwezi wa Julai alfajiri ni baridi, wageni hawaamini. Nikishapima nainama kufunga kamba za kiatu. Bunduki ikinizunguka na kuja mbele, narudi kufunga upya.

Mtutu juu au mtutu chini? Hapa kila mtu na dini yake. Mtutu chini kwenye bega la kushoto ni njia nzuri: mvua haiingii, hausumbuani na matawi, na unaipeleka bunduki begani kwa mzunguko mmoja. Ila mimi ni mfupi. Nikichuchumaa, mtutu unachota udongo, na mtutu ulioziba udongo ukifyatuliwa unaweza kupasuka. Kwa hiyo nabeba mtutu juu, na mvua ikija nabandika kipande cha utepe wa fundi umeme mdomoni mwa mtutu. Huna haja ya kuubandua ukitaka kupiga. Upepo unaosukumwa na risasi unaubandua wenyewe.

Wazee wa zamani wanabeba bila mkanda kabisa, bunduki imelazwa begani, mkono umeshika mtutu, kitako nyuma. Ni starehe kweli, na mikono yao imezoea. Mimi siipendi nikiwa katikati ya mstari, kwa kuwa mtutu unamtazama mgongoni aliye mbele yangu, na aliye mbele yangu nakula naye ugali.

Pete ya mbele nayo ina hadithi yake, na alama yake iko kwenye kidole changu cha shahada. Tulikuwa tunasawazisha darubini ya .375 ya mgeni, mita hamsini, shabaha ya boksi la bia. Pete ya mbele ilikuwa imefungwa chini ya ubao, palepale mkono wa kushoto unaposhika. Bunduki za swala zinatengenezwa hivyo na hakuna tatizo. Lakini bunduki kubwa inarudi nyuma kwa nguvu, na kile kichuma kinarudi nayo, kinapitia juu ya kidole. Damu ilitoka mpaka kwenye kiatu. Ndiyo sababu bunduki nyingi za wanyama wakubwa zinakuwa na pete hiyo kwenye mtutu wenyewe, mbele ya ubao, mbali na mkono. Na faida nyingine: ukining'iniza, bunduki inakaa chini zaidi, mtutu haukupiti kichwa kama antena. Ukitaka kununua bunduki ya nyati, angalia pete iko wapi kabla hujaulizia mkanda.

Parafujo ya nyuma, ile iliyoingia kwenye kitako, naikaza kila Jumapili. Sitaeleza ni bunduki ya nani iliyoanguka juu ya jiwe na darubini yake. Siyo yangu.

Mgeni mmoja Mmarekani alinionyesha namna ya kuuzungusha mkanda kwenye kiwiko cha kushoto na kuukaza ili bunduki itulie wakati wa kulenga. Kwa nyati na ile miti mitatu ya kuegemezea bunduki sijauona umuhimu wake. Kwa tohe aliyesimama mita mia na hamsini kwenye mbuga, na miti imebaki garini kwa uzembe wa mtu fulani, ulinisaidia sana. Mkanda wa mpira haufai kwa hilo, unavutika. Wa ngozi unashika kama kamba ya hema.

Ule wa fundi wa Manyoni bado ninao. Umekuwa mweusi kwa jasho upande wa ndani, na ndorobo hawauoni kwa sababu nje ni kahawia. Uzi nimeurudia mara mbili. Niliporudi kwa fundi kumtaka anishonee wa pili, wa kijana ninayemfundisha sasa, nilikuta kibanda kimekuwa duka la vocha. Wakaniambia amehamia Dodoma. Kijana wangu ikabidi nimshonee mwenyewe, na umepinda kidogo, lakini unatoka haraka.

Ule wa nailoni uko kijijini Rungwa. Mzee aliniomba nilipokuwa nautupa. Anafungia gunia la mkaa kwenye keria ya baiskeli, na anasema ni mkanda mzuri sana.